Malham, Gargrave au Skipton: upange wapi ukipata kazi mashambani Uingereza

Ukipata kazi ya uuguzi au ya kutunza wazee kaskazini mwa Uingereza, usishangae mahali penyewe pasipokuwa Leeds wala Manchester. Mara nyingi ni mji mdogo, au nyumba ya wazee iliyo kando ya barabara, malisho pande zote. Tangu Kenya na Uingereza zisaini makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021, maswali ya nyumba za huko yamekuwa mengi, na majibu yanayotolewa kwenye makundi ya WhatsApp ni yale yale mawili. Mmoja atakwambia "kaa mjini, kijijini upweke utakumaliza." Mwingine atakwambia "nenda kijijini, kodi nafuu, hewa safi, watoto salama." Ushauri wote huu ni wa jumla mno. Vijiji vinatofautiana, na tofauti ya kilomita kumi tu inaweza kuamua kama mke wako atatoka nyumbani bila kukusubiri wewe urudi kazini.

Kwa hiyo nitalinganisha sehemu tatu ninazozifahamu, zote katika bonde moja la North Yorkshire, zote kandokando ya mto Aire. Malham iko juu kabisa, mto unapoanzia. Ni kijiji cha mawe chenye wakazi wasiofika 300. Ukishuka kama kilomita 11 unafika Gargrave, kijiji kikubwa chenye watu wasiofika 2,000, kilicho kwenye barabara kuu ya A65, chenye stesheni ya treni na mfereji unaokipitia. Ukienda mbele kilomita saba hivi unaingia Skipton, mji wa soko wenye watu wapatao 15,000, ngome yenye zaidi ya miaka 900, na karibu kila kitu ambacho familia inahitaji kwa wiki. Hospitali kuu ya eneo hili, Airedale, iko Steeton, kati ya Skipton na Keighley. Wengi wa wanaouliza wanafanya kazi hapo, au katika nyumba za wazee zilizotawanyika bondeni.

Niseme mapema msimamo wangu, ili usome mengine ukiujua. Watu huchagua nyumba kwa kumwangalia mwenye kazi: yeye atafikaje zamu, yeye atalipaje kodi. Mimi nakushauri uchague kwa kumwangalia yule asiyeendesha gari. Anaweza kuwa mke, mume, mtoto wa miaka 14, au mama mzazi aliyekuja kukaa nanyi miezi michache. Mahali panapomfaa huyo patawafaa wote. Mahali panapomshinda huyo, pawe pazuri namna gani, nyumba yote haitapaweza.

Usafiri

Hapa ndipo penye uzito kuliko kwingine kote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Skipton ina treni za umeme kwenda Leeds na Bradford kutwa nzima. Leeds ni kama dakika 45. Kwa mfanyakazi wa Airedale, stesheni ya Steeton and Silsden ni ya pili tu kutoka Skipton. Unashuka, unatembea hadi hospitali. Ukikosa treni moja, unasubiri nyingine. Hili la kusubiri nyingine ndilo linalompa mtu utulivu. Mtoto wa sekondari anaweza kubaki shuleni kwa mazoezi ya mpira na kurudi mwenyewe kwa miguu.

Gargrave nayo ina stesheni, na dalali wa nyumba atakutajia hilo mwanzo kabisa. Ni kweli, lakini fungua ratiba kabla hujafurahi. Treni zinazosimama pale ni chache kwa siku. Nyingi ni zile zinazotoka Leeds kwenda upande wa Lancaster na Morecambe. Zikikaa vizuri na saa zako za kazi, umebahatika. Zisipokaa, unalo basi la barabara ya A65 kati ya mji wa Settle na Skipton, na hilo ndilo linalowasaidia wengi mchana. Nauli ya basi moja nchini England ilikuwa na kikomo cha pauni 2 tangu Januari 2023, kikapanda hadi pauni 3 Januari 2025, kwa hiyo gharama si tatizo kubwa. Shida iko kwenye saa. Zamu ya hospitali inayoanza saa moja na nusu asubuhi haisubiri basi, wala inayokwisha saa mbili na nusu usiku. Afadhali Gargrave ni karibu na Skipton kiasi kwamba mwenzako wa zamu anaweza kukupitia bila kuona umemwongezea safari, na mtu mwenye baiskeli na moyo anaweza kwenda nayo majira ya joto.

Malham ina basi. Linapanda kutoka Skipton kupitia Gargrave na Airton mara chache kwa siku, na miezi ya joto wikendi huongezwa mengine kwa ajili ya wapanda milima. Hakuna hata moja litakalokutoa Malham ukawahi zamu ya alfajiri Steeton, na hakuna litakalokurudisha usiku. Kwa hiyo Malham bila gari haiwezekani kwa mtu wa zamu. Naisema hivyo bila kuzungusha kwa sababu nimewaona watu wakipangishwa huko juu kwa kuambiwa "basi lipo."

Na gari lenyewe lina masharti. Leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda inakuruhusu kuendesha Uingereza kwa miezi 12 tu tangu uanze kuishi huko. Ikipita hiyo, lazima uwe umechukua leseni ya mwanafunzi ya Uingereza (provisional) na kufaulu mitihani yote miwili, wa nadharia na wa barabarani. Foleni ya kupata tarehe ya mtihani wa barabarani ni ndefu, kwa hiyo omba leseni ya mwanafunzi mara tu unapotulia, usingoje hadi mwezi wa kumi wa kukaa kwako. Tunaendesha kushoto kama wao, hilo ni jepesi kwetu. Lisilo jepesi ni bima ya mwaka wa kwanza kwa dereva asiye na rekodi ya humo nchini: uliza bei yake kabla ya kununua gari.

Barabara ya kupanda Malham nayo ina adabu zake. Baada ya Airton inabanwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, kulia na kushoto, na sehemu nyingi magari mawili hayapishani bila mmoja kujibana. Unakunja kona, unakutana uso kwa uso na trekta limebeba marobota ya nyasi. Mwenye trekta harudi nyuma. Unarudi wewe, taratibu, hadi penye uwazi, unabana ubavu wa gari kwenye majani. Akipita anakunyanyulia kidole kimoja kutoka kwenye usukani, nawe unamnyanyulia. Hiyo ndiyo salamu ya bonde zima, na ukiikosa wanakutambua kuwa mgeni. Januari, theluji ikishuka, magari ya halmashauri hutangulia kumwaga chumvi kwenye barabara kuu kama A65. Vijia vya juu huja baadaye, vingine haviji kabisa.

Nyumba na baridi

Kuna imani kwamba kijijini kodi ni nafuu. Katika mabonde haya si kweli, na sababu ni watalii. Nyumba nyingi za Malham na vijiji jirani ni za kupangisha wageni wa wikendi, au ni nyumba za pili za watu wanaoishi mijini. Zinazobaki kwa mpangaji wa mwaka mzima ni chache mno. Halmashauri ya North Yorkshire, ambayo tangu Aprili 1, 2023 ndiyo inayosimamia eneo hili lote, iliamua kutoza kodi ya halmashauri (council tax, si kodi ya pango) mara mbili kwa nyumba za pili kuanzia Aprili 2025. Hata hivyo, mpangaji anayetafuta nyumba leo Malham anaweza kungoja miezi bila kuona tangazo hata moja. Skipton zipo: safu za nyumba za mawe zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo, ndogo, zenye ngazi kali, nyingi zikiwa umbali wa kutembea hadi stesheni. Gargrave zinapatikana mojamoja.

Lakini kodi ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni joto. Skipton na Gargrave utakuta gesi ya bomba. Ukienda juu bondeni, nyumba nyingi hazina bomba la gesi. Zinapashwa moto kwa mafuta ya taa yaliyo kwenye tangi uani. Ndiyo, mafuta yale yale ya kibatari na jiko la stovu. Lori huja kuyajaza, na wauzaji wengi hawaleti chini ya lita 500 kwa mara moja. Maana yake ni kwamba gharama ya miezi kadhaa inakuja kwa mkupuo mmoja, pengine wiki hiyo hiyo uliyolipa amana ya nyumba. Majirani wa vijiji hivi huagiza kwa pamoja ili lori lije mara moja na bei ipungue. Ukihamia, uliza ni nani anayeratibu, huwa yupo.

Kuta za mawe nene zinapendeza kwenye picha. Ndani yake, nyingi hazina tabaka la kuzuia joto lisitoroke, na unyevu hupanda kutoka chini. Sheria inataka nyumba ya kupangisha iwe na cheti cha matumizi ya nishati cha daraja E au juu zaidi. Usiishie kuuliza kama cheti kipo, kisome: kinaonyesha joto linapotokea na linapopotelea. Na tafadhali, usianike nguo kwenye redieta huku madirisha yamefungwa kila siku. Kuvu jeusi litaota pembeni mwa ukuta kabla ya Krismasi, kifua cha mtoto kitaanza kulia, na mwenye nyumba atakwambia umelileta wewe.

Kwa anayeishi peke yake, kodi ya halmashauri hupunguzwa kwa asilimia 25, lakini lazima uombe mwenyewe. Wengi hawajui, wanalipa kamili mwaka mzima.

Chakula

Skipton ina supamaketi kubwa kadhaa na soko la barabarani siku nne za wiki, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, kwenye barabara pana inayoteremka kutoka kwenye ngome. Mboga, samaki, jibini, vitambaa, soksi za sufu za kukuokoa Februari. Gargrave ina duka la ushirika linalokutosha kwa maziwa, mkate na mayai. Malham usipange kununua chakula cha wiki. Supamaketi zinaleta mzigo hadi mlangoni ukiagiza kwa simu, na ndivyo wengi wa huko wanavyoishi.

Unga wa ugali, dagaa, mihogo na ndizi mbichi hutavipata vya kueleweka popote kati ya sehemu hizi tatu. Panda treni Skipton, shuka Bradford au Leeds. Soko la Kirkgate la Leeds lina vibanda vyenye vyakula vya Afrika na Karibi. Nyama ya halali iko tele Keighley na Bradford. Mtu wa Skipton analifanya hilo Jumamosi moja asubuhi na kurudi mchana. Mtu wa Malham anahitaji gari na siku nzima. Kusuka nywele, vilevile: Leeds au Bradford.

Hapa kijiji kina faida moja ambayo mji hauna. Wafugaji ni majirani zako. Kondoo unayemwona kilimani ana mwenyewe unayemjua, na ukizoeana naye unaweza kuuliza kama ana nusu kondoo wa kuuza kwa ajili ya friza. Na kama ulikulia kwenye ufugaji, nenda siku moja kwenye mnada wa mifugo wa Skipton, pembeni ya barabara ya kwenda Gargrave. Wazee wenye kofia wanaegemea vyuma, dalali anakimbiza bei kwa kasi usiyoielewa, mnunuzi anakubali kwa kutikisa kichwa kidogo tu. Mmasai au Mkalenjini atajiona yuko kwao kuliko mahali pengine popote Uingereza.

Shule

Kama huna watoto, ruka sehemu hii.

Shule ndogo ya msingi ya Kirkby Malham, chini kidogo ya Malham, ni ya aina ambayo watoto wetu hustawi haraka. Madarasa huchanganya umri, mwalimu mkuu anajua jina la mama yako, na mtoto aliyeingia bila Kiingereza cha kutosha hawezi kujificha nyuma ya darasa. Gargrave nayo ina shule yake ya msingi, unakwenda kwa miguu. Hapo sioni tofauti ya kukufanya uhame.

Tofauti inakuja mtoto akifika miaka 11. Skipton ina shule mbili za sekondari zinazochagua kwa mtihani, Ermysted's ya wavulana na Skipton Girls' High ya wasichana, pamoja na Skipton Academy isiyochagua kwa mtihani. Mtihani wa kuingia hufanywa mwanzoni mwa darasa la sita la kwao, mwaka wa mwisho wa shule ya msingi, kwa hiyo anayefika nchini mtoto akiwa na miaka kumi na nusu huenda amechelewa. Usafiri wa bure hutolewa kwa mtoto wa miaka 8 hadi 16 akiwa mbali zaidi ya maili tatu na shule, lakini tangu Septemba 2024 North Yorkshire inawalipia wanafunzi wapya usafiri wa shule iliyo karibu zaidi tu. Kwa familia ya Malham hilo si jambo dogo: ng'ambo ya mlima kuna Settle, na shule ya Settle yaweza kuhesabiwa kuwa ya karibu kuliko za Skipton. Ukitaka ya mbali, nauli ni yako. Waandikie halmashauri ukiwa na anwani kamili ya nyumba kabla hujasaini mkataba, na upate jibu la maandishi.

Daktari, simu na umeme

Wote watatu, mwenye Malham, Gargrave na Skipton, huenda wakaishia kwa daktari wa familia aliye mjini au karibu na mji. Kuna jambo zuri la vijijini ambalo halitangazwi: ukiishi zaidi ya maili moja, kama kilomita 1.6, kutoka duka la dawa, kliniki ya daktari katika maeneo yaliyotambuliwa kuwa ya vijijini inaweza kukupa dawa palepale. Uliza siku ya kujiandikisha.

Netiweki ya simu huko juu hukatikakatika, kwa sababu vilima vinaziba. Washa huduma ya kupiga simu kupitia Wi-Fi. Kama unapigiwa simu za dharura za kazini, jaribu laini yako ukiwa ndani ya nyumba, siyo barabarani. Umeme ukikatika upepo mkali unapovuma, piga 105, ni bure. Laini za zamani za simu ya mezani zinaondolewa nchini kote hadi Januari 2027, na zile mpya zinategemea umeme. Kwa hiyo nyumba ya juu bondeni ihifadhi simu yenye chaji siku za dhoruba.

Giza na mwanga

Hili hutaliona kwenye tangazo lolote la nyumba. Desemba jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi kasorobo alasiri. Mtu wa zamu ya mchana anaingia kazini gizani na kutoka gizani. Skipton kuna taa za barabarani, madirisha ya maduka, watu wanaopita. Malham saa kumi na moja jioni ni giza la kweli, giza la Ngorongoro, na ukimya wake. Yorkshire Dales ilitambuliwa mwaka 2020 kuwa hifadhi ya kimataifa ya anga la giza, na usiku usio na mawingu nyota zake zinamfanya mtu asahau baridi. Lakini aliye nyumbani na mtoto mchanga, mume kazini hadi saa tatu, hafikirii nyota.

Juni mambo hugeuka. Jua linazama baada ya saa tatu na nusu usiku, na hapo Malham inailipa familia yake deni lote la majira ya baridi.

Uzuri, kwa sababu nao una thamani

Sipendi ulinganisho unaohesabu pauni na kilomita peke yake. Watu wanahamia Malham kwa sababu ya Malham Cove, ukuta wa mawe ya chokaa wenye kimo cha kama mita 80, uliopinda kama jahazi lililolazwa ubavu. Maji yanatoka chini yake polepole, baridi, safi. Juu yake mwamba umepasuka vipande vipande vyenye nyufa za kina, na ndani ya nyufa mmeota majani mithili ya bustani iliyozikwa. Huko juu zaidi kuna ziwa la Malham Tarn. Maji yake yanatoka, yanatembea kidogo, kisha yanazama ardhini na kuja kuibukia chini ya kijiji, ndipo mto Aire unapoanzia. Desemba 6, 2015, kimbunga Desmond kilipoleta mvua isiyo ya kawaida, maporomoko yalimwagika kutoka juu ya Cove, jambo ambalo wakazi wa zama hizi hawakuwa wamewahi kuliona. Kwenda korongo la Gordale Scar lililo jirani kwa miguu baada ya zamu ngumu ya wiki, na mtoto mkono mmoja, ni dawa.

Gharama ya uzuri huo ni watalii. Wikendi za joto na sikukuu, magari hujaa njia nzima, na mwenye nyumba anaweza kushindwa kutoka kwake. Gargrave wanapita tu, wengine kwa mashua za mfereji wa Leeds na Liverpool, wengine kwa miguu wakifuata njia ya Pennine Way. Ukikaa Gargrave, Malham ni safari ya robo saa na zaidi kidogo kwa gari. Uzuri huo unaupata Jumapili bila kuubeba Jumatatu.

Watu

Wageni wengi huogopa hili kuliko yote, na nadhani wanaogopa jambo lisilo lenyewe. Wanaogopa kutazamwa. Utatazamwa, ndiyo. Malham huenda ukawa Mwafrika pekee kijijini, na wiki ya pili kila mtu atajua unafanya kazi wapi na gari lako ni rangi gani. Kwa aliyekulia kijijini Bukoba au Kakamega hilo si geni. Na lina upande wake wa pili: ukiugua, watajua, gari likikwama kwenye theluji, mtu atakuja na trekta bila kuitwa.

Jambo la kuogopa hasa ni kwamba hawatakuja mlangoni kwako kukukaribisha. Si desturi yao, wala haina maana kwamba hawakutaki. Wanangoja uonekane. Ubao wa matangazo ndio gazeti la kijiji: chai ya ukumbini, usafi wa njia, mkutano wa baraza la kijiji, maonyesho ya kilimo ya Malham mwishoni mwa Agosti. Jitolee kazi moja, hata ya kupanga viti. Mwenye kuoka apeleke mandazi. Baa ya kijiji nayo ni sebule ya wote. Mwislamu anakwenda kula na kunywa soda na hakuna anayemshangaa. Kanisani St Michael's, Kirkby Malham, mgeni anaonekana dakika ile ile, na baada ya ibada kuna chai.

Zipo pia adabu za mashambani zinazohukumiwa kuliko rangi ya mtu. Funga kila geti ulilolikuta limefungwa. Mbwa afungwe kamba, hasa Aprili kondoo wanapozaa. Usipite kati ya ng'ombe na ndama wake. Fuata njia ya umma, usikate katikati ya majani ya mtu, kwa sababu nyasi ile ni chakula cha mifugo cha majira ya baridi. Mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo mwaka 2001 uliwaumiza sana wafugaji wa eneo hili, na wazee wanaukumbuka wanapomwona mtu akitembea ovyo shambani.

Skipton hakuna anayekuhesabu. Utakutana na Waasia waliozaliwa hapo, wauguzi wa Kifilipino na wa Kihindi, Waafrika wenzako kwenye treni ya alfajiri. Uhuru huo ni mtamu. Lakini unaweza kukaa safu moja ya nyumba mwaka mzima na usijue jina la wa pembeni. Gargrave iko katikati, na kwa maoni yangu ni katikati nzuri: wanakujua dukani, hawajui saa uliyolala.

Nani achague nini

Uliyefika juzi, huna leseni ya Uingereza, una mwenzi asiyeendesha na watoto wakubwa: Skipton, na karibu na stesheni hata kama nyumba ni ndogo. Usishawishiwe na vyumba vitatu na bustani huko juu.

Familia yenye dereva mmoja mwenye leseni kamili na watoto wa shule ya msingi: Gargrave, mkiipata. Nyumba iwe ndani ya kijiji penyewe, siyo shambani nje yake, ili asiye na gari awe na duka, shule na basi kwa miguu.

Malham ni ya wawili wanaoendesha, kila mmoja na gari lake, wenye akiba ya kujaza tangi la mafuta Oktoba, ambao hawachoki kwa ukimya. Mtu mmoja anayefanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao humo humo bondeni pia atafaidi, kwa sababu wateja wake ndio majirani. Ukiwa wa kundi hilo, nenda bila hofu. Wachache wana maisha mazuri kuliko hayo.

Kabla ya kusaini popote, nenda ukaione nyumba siku ya kazi, Novemba hadi Februari kama unaweza, na ufike kwa basi hata kama una gari. Muulize mwenye nyumba mambo manne: joto linatokana na nini na lilimgharimu mpangaji aliyetangulia kiasi gani, cheti cha nishati ni daraja gani, maji ni ya kampuni au ya chemchemi, na kama ni ya chemchemi yalipimwa lini, na maji taka yanakwenda kwenye bomba la umma au shimo linalonyonywa, na nani analipa kunyonya. Kisha mpe yule asiyeendesha gari ratiba ya basi, mwache apange mwenyewe safari ya kwenda kwa daktari Jumanne na kurudi. Akiweza, lipeni amana.